Kiumbe asiye na jina hana mtetezi

MTOTO akizaliwa nyumbani kwako, mpenzi msomaji, jirani wa kwanza kufika atauliza mambo mawili: ni wa kiume au wa kike, na anaitwa nani? Jina hilo ndilo litakaloandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Bila cheti hicho mtoto atapata taabu shuleni, na taabu zaidi siku atakapotaka kitambulisho. Yupo, anakula, analia usiku kucha, lakini serikalini hajulikani.

Basi fahamu kwamba duniani kuna viumbe wengi mno walio katika hali hiyo. Wanaishi na kuzaana, lakini hakuna daftari lolote lenye majina yao. Na miongoni mwao, waliosahauliwa zaidi ni wale wanaoishi chini kabisa ya bahari kuu, wakiwa wameganda juu ya mawe kama ukoko wa ugali kwenye sufuria.

Juma hili nataka tumtazame mmoja wa viumbe hao. Tutaona jinsi wataalamu wanavyompa jina, na kwa nini jina hilo linakuhusu hata wewe uliye Kakamega au Nyeri, ambaye pengine hujawahi kukanyaga mchanga wa pwani.

BRAIOZOA NI NANI?

Kiumbe huyu huitwa braiozoa. Neno hilo limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni mnyama anayefanana na ule ukoga wa kijani unaoota juu ya mawe yenye unyevu. Kwa miaka mingi watu walidhani kwamba ni mmea. La hasha! Ni mnyama kamili, mwenye mdomo, tumbo na mishipa ya fahamu.

Ukiwahi kutembea ufukweni Malindi au Diani, ukaokota gamba la chaza aliyekufa au jani pana la mwani, ukaona juu yake utando mweupe wenye matundu madogo madogo yaliyopangwa kwa safu, yamkini umekutana naye. Utazame utando huo kwa kioo cha kukuzia. Utaona umefanana sana na vile vitambaa vya kufuma ambavyo akina mama hutandika juu ya makochi sebuleni.

Kila tundu la kitambaa hicho ni mlango wa nyumba ya mnyama mmoja. Nyumba yenyewe ni kisanduku cha chokaa, na urefu wake kwa kawaida haufiki milimita moja. Mlangoni pana kifuniko. Mwenye nyumba akiona usalama, hufungua kifuniko na kutoa taji la mikono myembamba kama nyuzi, ambayo huyavuta maji na kunasa chembe za chakula. Akisikia mtikisiko, hujirudisha ndani kufumba na kufumbua.

Utando mzima ni ukoo mmoja. Mwanzilishi mmoja hutua juu ya jiwe, akajijengea nyumba, kisha akachipua mwingine ubavuni mwake, na huyo mwingine akachipua wa tatu, mpaka mtaa ukajaa. Wote wameunganika, na chakula cha mmoja huwafikia wenzake.

Isitoshe, wamegawana kazi. Wapo wanaokula kwa niaba ya wengine na wapo wanaolea mayai katika vyumba maalumu. Katika koo nyingi wapo pia askari. Askari hawa huitwa avikularia. Wengine wao wana umbo la kichwa cha ndege chenye mdomo uliopinda, na kazi yao ni kuumauma chochote kinachopita karibu. Askari hawezi kula. Hulishwa na jamaa zake.

Hata Charles Darwin alianza na hawa. Mnamo Machi 1827, akiwa kijana wa miaka 18 anayesomea udaktari huko Edinburgh, alisimama mbele ya chama cha wanafunzi wenzake na kueleza jambo alilokuwa amegundua: kwamba vile vijitu vilivyodhaniwa kuwa mayai ya braiozoa mmoja aitwaye Flustra vilikuwa na vinyweleo, na viliweza kuogelea vyenyewe. Hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo yake ya kwanza ya kisayansi mbele ya watu.

Kufikia sasa, braiozoa walio hai ambao wamekwisha kupewa majina ni kama 6,000.

CHINI KABISA YA BAHARI

Zamani wataalamu waliamini kwamba kwenye kina kirefu hakuna uhai. Mwaka 1843, Mwingereza Edward Forbes alikadiria kwamba chini ya pima 300, yaani mita 550 hivi, bahari ni jangwa tupu. Ilionekana ni hoja yenye akili. Nani angeweza kuishi mahali penye giza na baridi, huku maji yakimlemea kwa uzito usiosemeka?

Jibu lililo maarufu zaidi lilitoka kwa meli ya Kiingereza iitwayo Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kuanzia Desemba 1872 hadi Mei 1876. Nyavu zake za kukokota zilipandisha viumbe kutoka kina cha kilomita kadhaa, na miongoni mwao walikuwamo braiozoa.

Sampuli hizo alikabidhiwa George Busk, aliyekuwa daktari wa upasuaji kabla ya kuiacha kazi hiyo na kushika hadubini. Sehemu ya kwanza ya kazi yake ilichapishwa mwaka 1884, miaka minane baada ya meli kurudi. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1886, mwaka aliofariki. Hebu zingatia muda huo, msomaji. Kumvua kiumbe ni kazi ya siku moja. Kumtambua huweza kula miaka ya mtu.

Challenger ilipandisha kitu kingine pia. Mwaka 1873, katika Bahari ya Atlantiki, nyavu zilileta mawe meusi ya mviringo, mazito, yenye umbo la viazi. Yalikuwa vinundu vya madini, vyenye manganizi kwa wingi. Wakati huo vilitazamwa kama vitu vya ajabu vya kuwekwa katika majumba ya makumbusho. Tutavirudia hivi punde, kwa sababu leo ndivyo vinavyoleta kesi yenyewe.

KAZI YA KUMPA JINA

Tuseme leo meli ya utafiti imeshusha sanduku la chuma hadi kina cha mita 5,000. Kina hicho ni karibu sawa na urefu wa Mlima Kenya, ambao una mita 5,199. Kushuka tu huchukua zaidi ya saa moja. Huko chini kila sentimita mraba hubeba uzito unaozidi kilo 500, na maji yana baridi inayokaribia ile ya barafu. Sanduku huuma kipande cha sakafu ya bahari na kupanda nacho. Katika tope hilo mna kinundu kimoja cheusi, na juu yake doa jeupe lisilozidi ukucha wa kidole cha mwisho.

Mtaalamu hukata kipande kidogo na kukihifadhi kwenye spiriti, ili baadaye apime DNA. Kipande kingine hukisafisha kwa dawa ya klorini, ya namna ile ile tunayotumia kung'arisha nguo nyeupe nyumbani. Dawa hula nyama na kubakiza visanduku vya chokaa peke yake. Baada ya kukauka, hupakwa tabaka jembamba mno la dhahabu au madini mengine na kuingizwa katika hadubini ya elektroni. Hapo ndipo nyumba ya nusu milimita inapoonekana kama jumba lenye kuta, dari na madirisha.

Sasa huanza kuhesabu. Mlango una umbo gani? Umezungukwa na miiba mingapi? Ukuta wa mbele una vitundu vingapi, na vimepangwa vipi? Askari wako upande gani wa mlango, na midomo yao inaelekea wapi? Chumba cha mayai kimefunikwa au kiko wazi? Nyumba ya yule mwanzilishi wa ukoo inafananaje? Hupima kisanduku baada ya kisanduku, kwa vipimo vya sehemu za elfu za milimita.

Lazima awe mwangalifu. Wakazi wa pembeni ya mtaa ni wachanga na kuta zao ni nyembamba, ilhali wale wa katikati ni wazee na chokaa yao imekuwa nene hata kuficha alama. Mtu mwenye pupa anaweza kutoa majina mawili kwa babu na mjukuu.

Baada ya hapo hutafuta kama kiumbe huyu alikwisha kupewa jina. Husoma vitabu vya tangu karne ya 19, kile cha Busk kikiwamo, na huomba kutazama sampuli zile zile za Challenger, ambazo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya viumbe huko London. Sheria ya majina ya wanyama haina upendeleo: jina la kwanza kuchapishwa kwa njia halali ndilo lenye haki, na hesabu inaanzia mwaka 1758, Mswidi Carl Linnaeus alipochapa toleo la 10 la orodha yake.

Akiridhika kwamba kweli ni mgeni, huchagua sampuli moja iwe shahidi wa jina hilo milele. Sampuli hiyo huitwa holotaipu. Huwekwa katika jumba la makumbusho na kupewa nambari, ili hata baada ya miaka 200 mwenye shaka aweze kwenda kuitazama.

Mwishowe ni jina lenyewe. Huwa na sehemu mbili: la kwanza ni kama jina la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Laweza kutokana na umbo lake, mahali alipopatikana, au mtu anayeheshimiwa. Kujipa jina lako mwenyewe sheria haikatazi waziwazi, lakini miongoni mwa wataalamu ni aibu tupu. Maelezo, vipimo na picha hutumwa kwa jarida, wataalamu wengine huyakagua, na yakichapishwa kiumbe huyo amezaliwa rasmi.

KWANI JINA LINA FAIDA GANI?

Najua wapo wanaouliza: kwa nini mtu mzima apoteze miezi akihesabu miiba ya mdudu asiyeonekana, na bei ya unga iko pale ilipo? Ni swali la haki, na mfano mmoja utatosha kulijibu.

Yuko braiozoa aitwaye Bugula neritina. Huyu hagandi kama utando bali huota kama kijichaka cha rangi ya kahawia, na ni maarufu kwa kung'ang'ania ubavu wa meli na nguzo za gati. Wenye meli humwona kuwa adui. Mwaka 1968 sampuli zake zilikusanywa katika Ghuba ya Mexico ili kupimwa kama zina dawa yoyote. Mwaka 1982 Mmarekani George Pettit na wenzake walitangaza umbo la kemikali waliyoipata humo, wakaiita braiostatini. Ilikuwa na nguvu dhidi ya seli za saratani katika maabara, na tangu hapo imejaribiwa pia katika utafiti wa ugonjwa wa wazee wa kupoteza kumbukumbu. Bado haijawa dawa ya kuuzwa, lakini njia iliyofungua ni kubwa. Ili kupata gramu 18 tu, ilibidi kukusanya zaidi ya tani 10 za mnyama huyo.

Lakini sikiliza hili. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani walionyesha, kwa kupima chembe za urithi, kwamba waliokuwa wakiitwa Bugula neritina huko California hawakuwa wa aina moja. Walifanana sura, kumbe walikuwa makundi mbalimbali, na kemikali zao hazikuwa sawa. Mtu asiyejua tofauti hiyo angeweza kukusanya tani nzima za wale wasiofaa, kisha akasema dawa haipo. Hiyo ndiyo faida ya jina lililotolewa kwa uangalifu.

KESI YA VIAZI VYEUSI

Sasa turudi kwenye vile vinundu. Katika Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Mexico, kuna eneo liitwalo Clarion-Clipperton. Ukubwa wake ni kilomita mraba milioni 6 hivi, yaani mara kumi ya Kenya. Sakafu yake ni tope laini, na juu ya tope hilo vimetapakaa vinundu vingi ajabu, vyenye manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Madini hayo yanatafutwa sana siku hizi, hasa kwa betri.

Kinundu hukua milimita chache tu kwa kila miaka milioni moja. Kinundu kikubwa kama kiazi cha kupika huweza kuwa kilianza kukua kabla hajazaliwa yule kijana wa Turkana aliyeishi miaka milioni 1.5 iliyopita, ambaye mifupa yake ilipatikana Nariokotome mwaka 1984.

Kwa braiozoa wa kuganda, kinundu hicho ndicho kiwanja pekee. Hawezi kujenga juu ya tope. Ukiokota kinundu umembeba na nyumba yake, na mahali alipokuwa hapatakuwa na jiwe lingine kwa mamilioni ya miaka. Huko chini, chokaa yenyewe huanza kuyeyuka ndani ya maji, hivyo wapo wanaoishi bila nyumba ya chokaa kabisa. Mwaka 2018 wataalamu watatu, Grischenko, Gordon na Melnik, walichapisha katika jarida la Zootaxa maelezo ya braiozoa wapya kutoka vinundu vya sehemu ambayo Urusi ina kandarasi ya kutafiti. Hawakuishia kwenye miiba na milango. Walieleza pia uchimbaji utakuwa na maana gani kwa viumbe hao.

Mwaka 2023 wataalamu wengine walijumlisha yote yaliyojulikana kuhusu wanyama wa eneo hilo. Walikadiria aina 5,578, na kwamba kati ya asilimia 88 na 92 ya hizo hazina jina. Katika kila kumi, tisa hivi hatuzijui!

Wanaotaka kuchimba wana hoja zao. Husema dunia inahitaji betri ili iache mafuta, na kwamba kobalti nyingi leo hutoka Kongo, ambako machimbo yameleta mateso kwa watu na uharibifu wa ardhi. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini mwaka 1979 mashine moja ya majaribio ilipitishwa katika eneo hilo hilo la Pasifiki. Watafiti walirudi mwaka 2023, miaka 44 baadaye, na nyayo za mashine zilikuwa bado zinaonekana wazi. Baadhi ya viumbe wadogo wa kwenye tope walikuwa wameanza kurudi. Vinundu havikurudi, na wanaovitegemea hawana pa kurudi.

WEWE UNA HISA

Huenda ukadhani kwamba hayo ni ya wenye meli na mashine. Sivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unasema kwamba sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi zote, pamoja na madini yake, ni urithi wa pamoja wa binadamu. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 1989. Tena katika matayarisho yake nchi yetu haikuwa mtazamaji: wazo la eneo la kiuchumi la maili 200 lilisukumwa mbele na Kenya mapema miaka ya 1970, kupitia mwanasheria wake Frank Njenga.

Mamlaka inayosimamia sakafu hiyo ina makao yake Kingston, Jamaica, na Kenya ni mwanachama. Hadi mwaka 2025 ilikuwa imetoa kandarasi za kutafiti tu, wala haikuwa imeruhusu kuchimba kwa biashara. Nchi zimekuwa zikibishana juu ya kanuni. Katika mabishano hayo kila upande huuliza: ni viumbe gani watakaoangamia, na je, wanapatikana mahali pengine? Swali hilo halijibiki kwa kusema "vijidudu vyeupe vyeupe." Ni lazima mtu aweze kusema: huyu anaitwa fulani, sampuli yake iko mahali fulani, alipatikana hapa, na pale tulipomtafuta hakuonekana.

Ndiyo maana yule anayeinama juu ya hadubini akihesabu miiba anafanya kazi ya karani wa vizazi na vifo. Tatizo ni kwamba makarani wa namna hiyo ni wachache sana duniani, na mafunzo yao huchukua miaka mingi, ilhali mashine za kuchimba hujengwa upesi.

Mzazi, usimcheke mtoto wako akirudi kutoka ufukweni au mtoni na mfuko wa mawe na magamba. Mnunulie kioo cha kukuzia na daftari. Mwambie achore anachokiona, aandike siku na mahali alipokiokota, na ahesabu kila kinachohesabika. Hivyo ndivyo wanavyoanza. Bahari yetu ya Hindi nayo ina kina chake, kina vinundu vyake, na nchi kama India imekwisha kupewa kandarasi ya kuvitafiti katikati yake. Siku wageni watakapokuja na orodha ya viumbe wa upande huu, ingefaa awepo Mkenya wa kuisoma na kuuliza: hawa wengine mbona hamkuwaandika?

Hadi juma lijalo, kaa salama.